Habari ikisahihishwa, sahihisho linakaa wapi?

Kuna wasomaji wawili watatu wameniandikia wakiuliza mbona siku hizi nimehamia kwenye kompyuta na siasa nimeitupa. Mmoja ameuliza kabisa kama nimeacha uandishi. Jamani, sijaacha. Bado kila asubuhi niko kwenye kikao cha chumba cha habari, na bado napigia watu ambao simu zao huacha kupatikana mara tu wanaposikia jina la gazeti. Kilichonivuta huku ni jambo moja. Nimeona kwamba maamuzi mengi ya uhariri siku hizi hayafanyiki kwenye kikao cha wahariri. Yanafanyika mapema zaidi, siku ile mtu mmoja mwenye kompyuta alipokaa kuamua kurasa za tovuti zitakuwa na anwani zipi, na kila anwani itaruhusu nini kifanyike.

Mtu huyo kwa kawaida hajui kwamba anafanya uamuzi wa kihariri. Na mhariri hajui kwamba kuna uamuzi uliokwisha kufanyika. Kwa hiyo leo nataka tuzungumze kuhusu njia na vidhibiti katika programu za wavuti, na kuhusu mtindo unaoitwa REST. Ukiona neno limekushinda, vumilia aya moja, utaelewa mbele ya safari. Kama mimi niliyesomea uandishi chuoni nimeelewa, hakuna atakayeachwa kituoni.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Unapoandika anwani kwenye kivinjari na kubonyeza, kuna ombi linasafiri hadi kwenye seva. Ombi hilo limebeba mambo mawili makubwa: kitenzi na anwani. Kitenzi kinasema unataka nini kifanyike. Anwani inasema kifanyike kwa kitu gani. Likifika, linapokewa na orodha ya njia. Orodha ya njia ni kama yule dada wa mapokezi kwenye ofisi za umma: haamui lolote, anatazama barua yako na kukuambia nenda chumba namba nne. Chumba namba nne ndiko aliko kidhibiti, na kidhibiti ni karani. Anachukua ombi lako, anafungua kabati la mafaili, yaani hifadhidata, anatafuta au anaandika kinachotakiwa, kisha anakujibu. Basi. Hakuna uchawi.

Vitenzi vyenyewe ni vichache. GET ni kuomba kuona. POST ni kupeleka kitu kipya. PUT ni kuweka kitu kizima mahali pa kile kilichokuwapo. PATCH, ambayo ilisanifishwa Machi 2010, ni kubadilisha sehemu tu ya kitu. DELETE unaijua hata bila kuambiwa.

Kila kitenzi kina tabia yake, na tabia hizo ndizo roho ya mambo. GET inatakiwa kuwa salama: ukitazama, usibadilishe. PUT na DELETE zinaweza kurudiwa bila madhara. Ukiwa kwenye daladala ukamwambia konda "shusha" mara tatu, utashuka mara moja tu. POST haina uhakika huo. POST ni kama kutuma pesa kwa simu wakati mtandao unasuasua: ukibonyeza mara mbili kwa wasiwasi, unaweza kukuta fedha imekwenda mara mbili, na kuirudisha ni kazi ya wiki.

Sasa REST imetoka wapi? Mwaka 2000 Mmarekani mmoja, Roy Fielding, alikamilisha tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha California, Irvine. Huyu hakuwa mtu wa kutazama wavuti kutoka nje. Alikuwa mmoja wa walioandika kanuni za HTTP, na mmoja wa waanzilishi wa mradi wa seva ya Apache. Katika tasnifu ile alijaribu kueleza ni mtindo gani wa ujenzi ulioiwezesha wavuti kukua namna ile bila kuvunjika, na mtindo huo akaupa jina REST.

Kwa lugha ya mtaani anasema hivi. Kila kitu chenye maana kiwe na anwani yake. Vitenzi viwe vichache na vijulikane na wote. Kila ombi lijitosheleze, seva isilazimike kukumbuka ulichosema dakika tano zilizopita. Na majibu yaje na viungo vya kukuonyesha unaweza kwenda wapi kutoka hapo ulipo.

Unaweza kusema haya ni mambo ya wasomi. Basi sikiliza kilichotokea Mei 2005. Google ilitoa programu ndogo iitwayo Google Web Accelerator. Kazi yake ilikuwa kuharakisha usomaji: wewe ukiwa bado unasoma ukurasa, yenyewe inatangulia kufungua viungo vilivyomo, ili ukibonyeza ukute ukurasa wa pili umeshafika. Wazo zuri kabisa. Tatizo ni kwamba programu kadhaa za wavuti wakati ule zilikuwa zimeweka neno "futa" kama kiungo cha kawaida, na kiungo cha kawaida ni GET. Ile programu ya Google haisomi maneno. Inaona kiungo, inakifungua. Watu wakaanza kukuta kurasa zao zimefutika na hawakuwa wamezigusa! Mfano uliovuma ni Backpack, programu ya kampuni ya 37signals ya Chicago, ambayo ilikuwa na siku chache tu tangu izinduliwe.

Watu walibishana sana nani wa kulaumiwa. Lakini kanuni za HTTP za mwaka 1999 zilikuwa zimeshasema kwamba GET ni ya kuchukua, si ya kufanyia vitendo vingine. Aliyeweka "futa" kwenye GET alikuwa ameweka swichi ya kuzimia umeme mahali pa kengele ya mlangoni.

Kampuni hiyohiyo ya 37signals ndiko alikokuwa akifanya kazi David Heinemeier Hansson, kijana wa Denmark aliyeitoa Ruby on Rails hadharani mwaka 2004. Mwaka 2006 alisimama kwenye mkutano wa watumiaji wa Rails huko Chicago akawahimiza waanze kufikiria programu zao kama ulimwengu wa rasilimali, yaani vitu vyenye anwani. Januari 2007 likatoka toleo la 1.2 la Rails likiwa na njia za namna hiyo ndani yake. Siku hizi mtu akiandika mstari mmoja tu, resources :habari, anapata njia hizi saba:

GET /habari: orodha ya habari zote, kitendo kinaitwa index.
GET /habari/new: fomu tupu ya kujaza, inaitwa new.
POST /habari: kuhifadhi habari mpya, inaitwa create.
GET /habari/27: kusoma habari namba 27, inaitwa show.
GET /habari/27/edit: fomu ya kuhariri, inaitwa edit.
PATCH au PUT /habari/27: kuhifadhi mabadiliko, inaitwa update.
DELETE /habari/27: kufuta, inaitwa destroy.

Ukiondoa zile fomu mbili, anwani za msingi ni mbili tu: /habari na /habari/27. Kinachobadilika ni kitenzi. Fomu za kawaida za kivinjari zinajua GET na POST peke yake, kwa hiyo Rails hutumia ujanja wa kuficha ndani ya fomu sehemu iitwayo _method, ambamo imeandikwa kwamba ombi hili limekuja na vazi la POST lakini ni DELETE.

Kabla sijaendelea, wapenzi wa Kiswahili mtacheka. Rails inajua wingi wa Kiingereza tu. Ukiiambia kuna kitu kinaitwa mwandishi, inadhani wingi wake ni "mwandishis". Habari inaifanya "habaris". Ndugu zangu, habaris! Bahati nzuri kuna faili moja la kuifundisha ngeli, config/initializers/inflections.rb, ambamo unaandika kwamba wingi wa mwandishi ni waandishi, na kwamba habari haina umoja wala wingi, iko vilevile. Ukishafanya hivyo inatulia. Sioni sababu ya anwani za gazeti la Kiswahili kuwa /articles eti kwa kuwa mtengenezaji aliona uvivu wa kufungua faili moja.

Haya, turudi kwenye chumba cha habari. Mimi na rafiki yangu mmoja, ambaye programu ndiyo kazi yake, tulianza kutengeneza programu ya kufuatilia habari kutoka kwa mwandishi hadi kwa msomaji. Nilimpelekea karatasi niliyoorodhesha kazi zote tunazofanya: kuandika, kutuma kwa mhariri, kurudisha kwa mwandishi, kuidhinisha, kuchapisha, kusahihisha, kuondoa. Akaisoma akaiweka mezani.

"Kaka, hivi ni vitenzi vitupu."

"Ndiyo kazi yenyewe, bwana. Habari haikai, inatembea."

"Sawa. Sasa usiniambie mnafanya nini. Niambie mna vitu gani."

Sentensi hiyo nimekaa nayo muda mrefu kuliko nilivyokaa na vitabu vingi vya chuoni.

Ukifuata vitenzi, unapata anwani kama /habari/27/idhinisha, /habari/27/chapisha, /habari/27/rudisha. Kila kazi mpya inaongeza kitendo kwenye kidhibiti kilekile cha habari. Leo viko saba, kesho kumi na tano, mwakani thelathini, na yule karani wa chumba namba nne anageuka kuwa idara nzima ndani ya chumba kimoja, hakuna anayejua faili lipi liko wapi. Ukirekebisha jambo la picha, idhini zinaharibika. Kibaya zaidi, kitenzi kikishatendeka kimepita. /habari/27/idhinisha inabadilisha alama moja kwenye hifadhidata kutoka hapana kwenda ndiyo. Nani aliidhinisha? Lini? Alama haisemi.

Ushauri wa rafiki yangu, ambao hata Heinemeier Hansson mwenyewe amewahi kueleza kwamba ndivyo anavyofanya, ni huu: kaa kwenye vitendo vile saba. Ukijikuta unataka cha nane, simama ujiulize ni nomino gani imejificha ndani ya kitenzi chako, kisha uifungulie nomino hiyo kidhibiti chake.

Hapa ndipo niliporukaruka kama mtoto, kwa sababu Kiswahili kinaifanya kazi hii bila jasho. Tangaza inatupa tangazo. Chapisha inatupa chapisho. Lalamika inatupa lalamiko. Pinga inatupa pingamizi. Sahihisha inatupa sahihisho. Kuingia kwenye programu kwa jina na nywila ni kufungua kikao, na kutoka ni kukifunga. Kwa hiyo kuingia ni POST /kikao na kutoka ni DELETE /kikao. Kuidhinisha habari ni kuunda idhini: POST /habari/27/idhini. Idhini ni kitu. Ina aliyeitoa, ina tarehe, ina saa, inaweza kuonekana, inaweza kuondolewa. Kitenzi kimepata mwili, na chenye mwili huacha alama za nyayo.

Msomaji unaweza kusema haya yote ni ufundi tu, kwa nini nayashikia bango. Nitakueleza.

Katika gazeti moja nililowahi kuandikia, ambalo sitalitaja, ilitoka habari ya mahakamani kwenye tovuti. Haikuwa yangu. Kijana mmoja aliyekwenda kutoa ushahidi aliandikwa kuwa ni mshtakiwa, na neno hilo likakaa hadi kwenye kichwa cha habari pamoja na jina lake. Siku iliyofuata mtu alipiga simu, mhariri wa zamu akafungua ukurasa, akabadilisha neno na kichwa, akahifadhi. Kwa lugha yetu ya leo, alifanya PATCH /habari. Ofisini jambo likaonekana limekwisha.

Halikuwa limekwisha. Yule kijana alikuja mwenyewe baada ya siku kadhaa. Mwajiri wake alikuwa ameipata habari ile kwenye kundi la WhatsApp, ikiwa picha ya ukurasa kabla haujabadilishwa, na amemsimamisha kazi. Kijana hakuja kugombana. Hakutaka fidia. Aliomba kitu kimoja tu: karatasi au kiungo cha kumwonyesha bosi wake kwamba gazeti lenyewe limekiri si mshtakiwa.

Hakikuwepo. Ukurasa ulikuwa sahihi sasa, lakini haukusema kwamba jana haukuwa sahihi. Bosi alikuwa na picha inayosema mshtakiwa na ukurasa unaosema shahidi, na hakuna popote gazeti liliposema lipi ni lipi. Na kuna jambo lililoniuma zaidi. Anwani ya ukurasa ule ilitengenezwa kutokana na kichwa cha kwanza. Kichwa kilibadilishwa, anwani ikabaki vilevile. Kwa hiyo lile kosa lilikuwa na makazi ya kudumu, pale juu kwenye anwani, likiwa na jina lake. Lililokosa makazi ni sahihisho.

Baada ya kubembelezana sana alipewa barua yenye muhuri. Kama barua ile ilimrudishia kazi sikupata kusikia.

Tangu hapo, mtu akiniambia njia na vidhibiti ni mambo ya mafundi, namwambia akae nimsimulie.

Basi katika programu yetu sahihisho ni kitu kinachojitegemea. Liko chini ya habari yake: /habari/27/masahihisho ni orodha, na /habari/27/masahihisho/1 ni sahihisho la kwanza, lenye tarehe, lenye maelezo ya kilichokuwa na kilichobadilishwa, na kiungo cha kurudi kwenye habari. Habari nayo ina kiungo cha kwenda kwenye sahihisho, kama Fielding alivyotaka, majibu yakuonyeshe pa kwenda. Mtu akija kuomba kitu cha kumwonyesha bosi wake, anapewa anwani.

Na mstari wa njia zake unasomeka hivi: resources :masahihisho, only: [:index, :show, :new, :create]. Tazama vizuri ni vitendo vipi havimo. Hakuna edit, hakuna update, hakuna destroy. Sahihisho likishatolewa, programu haina mlango wa kulihariri wala kulifuta. Likionekana lina kasoro, unatoa sahihisho la pili. Hatukuandika sera ya kurasa kumi, tumeacha tu kujenga mlango.

Mhariri wetu alipoonyeshwa aliuliza, "Na mimi pia siwezi kufuta?"

"Kwa njia hii, hapana," rafiki yangu akamjibu.

"Programu gani hii isiyomjua bosi?"

Tulicheka wote, lakini swali lake lilikuwa la kweli, na tulilijadili kwa saa nzima. Ukweli ni kwamba mwenye ufunguo wa hifadhidata anaweza kuingia kwa mlango wa nyuma akafuta atakacho. Njia hazizuii hilo. Kinachobadilika ni kwamba kufuta sahihisho si jambo la mtu aliyechoka saa tano usiku kubonyeza kitufe. Ni lazima amwamshe fundi, amwambie anachotaka, na fundi ajue. Kwa waandishi, kitu kinachohitaji shahidi wa pili ni tofauti kabisa na kitu kinachofanyika gizani.

Tulibishana pia juu ya anwani ya habari. Wengi wanapenda anwani yenye kichwa cha habari ndani yake, kwa sababu inavutia na inasomeka. Mimi nilishikilia namba tupu. Kichwa ni maneno, na maneno husahihishwa. Namba 27 haina cha kusahihishwa. Tim Berners-Lee, aliyeivumbua wavuti, aliandika mwaka 1998 kwamba anwani nzuri ni zile zisizobadilika, na kwamba tatizo huanza pale unapoweka ndani ya anwani mambo ambayo kesho yatabadilika. Mimi naongeza: na mambo ambayo kesho utatamani yasiwemo.

Kudumu kwa anwani si jambo dogo. Taasisi ya utafiti ya Pew ya Marekani ilitoa ripoti Mei 2024 ikionyesha kwamba asilimia 38 ya kurasa za wavuti zilizokuwepo mwaka 2013 hazikuweza kufunguliwa tena muongo mmoja baadaye. Fikiria asilimia 38 ya magazeti kwenye maktaba yakitoweka kwa miaka kumi. Tungeandamana. Kwenye wavuti tunasema "kiungo kimekufa" na kuendelea na shughuli.

Na kama habari lazima iondolewe, kwa mfano kwa amri ya mahakama au kwa sababu inahatarisha mtoto? Hapo kuna namba mbili za majibu ambazo kila mwandishi angepaswa kuzijua. 404 maana yake ni "sijakiona". 410 maana yake ni "kilikuwepo, kimeondolewa". Tofauti yake ni tofauti kati ya ofisa anayekwambia faili halionekani na ofisa anayekwambia faili lilikuwepo na tumeliondoa. Sisi tumechagua 410, pamoja na ukurasa wenye sentensi moja inayotaja tarehe na sababu. Na kuiondoa habari kunahitaji kuunda kitu kiitwacho ondoleo. Neno hilo tumelichonga wenyewe, nanyi wataalamu wa lugha mtatusamehe au mtatupa jingine.

Lipo jambo bado linanisumbua, nalo ni la yule kijana. Ukurasa wa sahihisho usiofutika, ukiandikwa ovyo, unaweza kuwa adhabu ya pili. Ukiandika "Fulani hakuwa mshtakiwa wa wizi", mtu akilitafuta jina lake miaka kumi ijayo atakuta jina na wizi kwenye mstari mmoja. Tulichokubaliana ni kwamba sahihisho litaeleza kosa bila kurudia jina: mtu aliyetajwa katika aya ya pili alikuwa shahidi. Anayehitaji uthibitisho ana anwani, na asiyehusika hapati cha kudaka. Sidhani kama tumemaliza, ila ni afadhali kuliko ukimya.

Nisieleweke kwamba REST ni dawa ya kila ugonjwa. Kutafuta habari kwa maneno, kwa mfano, ni kitenzi kigumu kukipa mwili, na wengi huishia kuweka swali kwenye anwani ya orodha, /habari?neno=korosho, na inatosha. Facebook waliona mtindo huu unawabana kwenye simu wakatengeneza GraphQL na kuitoa kwa umma mwaka 2015. Na Fielding mwenyewe alilalamika waziwazi mwaka 2008 kwamba wengi wanaita mifumo yao REST wakati haina vile viungo vya kumwongoza mtumiaji. Pia ukianza kupanga vitu ndani ya vitu utafika kwenye /waandishi/3/habari/27/masahihisho/1, anwani ndefu kama treni ya Reli ya Kati. Mwongozo wa Rails unashauri usizidishe ngazi moja, na ni ushauri mzuri, kwa kuwa habari namba 27 ni namba 27 hata mwandishi wake akihama gazeti.

Lakini lile swali la rafiki yangu bado linafanya kazi hata nje ya kompyuta. Mna vitu gani? Chumba cha habari kinachosema "huwa tunasahihisha" kina kitenzi. Muulize sahihisho la mwisho liko wapi, lina tarehe gani, na anwani yake ni ipi. Vivyo hivyo kwa ofisi inayosema huwa inasikiliza malalamiko. Lalamiko langu la mwezi uliopita lina namba gani?

Kuhusu idhini, yaani nani aliruhusu habari itoke, wahariri wamekubali zihifadhiwe lakini zionekane ndani ya ofisi tu. Mimi nilitaka msomaji naye azione. Nimeshindwa kura, kwa sasa.

Nawaachia kazi moja ya nyumbani. Fungua tovuti ya gazeti unalolisoma kila siku. Tafuta sahihisho moja tu la mwaka huu lenye anwani yake, ambalo ungeweza kumtumia mtu kwa simu akaelewa kilichotokea bila wewe kumweleza. Ukilipata, nitumie kiungo, na nitalisifu gazeti hilo hapa hapa kwa jina. Usipolipata, niambie pia.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda, na siasa nitarudi nayo.